Mawimbi niliyorekodi mtu akitembea: ni ya ubongo au ni ya visigino vyake?

Mwanafunzi wa Mawimbi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Naomba msaada wa wale waliowahi kupima ubongo wa mtu aliye katika mwendo, kwa maana vitabu nilivyo navyo vyote vinaishia kwa mtu aliyelala kitandani na kufumba macho.

Ninasoma shahada ya uzamili katika uhandisi wa vifaa tiba. Idara yetu ina mashine ya EEG, ile inayorekodi umeme wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa, yenye elektrodi 32, iliyonunuliwa kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, nami nimeruhusiwa kuitumia nyakati za jioni. Nimewapima wenzangu sita. Kila mmoja alisimama tuli kwa dakika tatu, kisha akatembea juu ya tredmili kwa dakika kumi kwa kasi ya kilomita 4.5 kwa saa, na visiginoni niliwabandika swichi ndogo ili nijue hasa mguu unagusa mkanda wakati gani.

Matokeo yamenifurahisha na kunitia hofu kwa pamoja. Kwa watu wote sita naona wimbi linalopanda na kushuka sambamba na hatua, takriban mara mbili kwa sekunde, na kila kisigino kinapotua nguvu ya mawimbi inaongezeka kuanzia masafa ya chini kabisa hadi zaidi ya hezi 60 (mara 60 kwa sekunde). Msimamizi wangu ameiona picha hiyo na anataka tuanze kuandika makala. Mimi ndiye ninayesita, kwa sababu elektrodi ya kisogoni na ile ya kwenye paji la uso zinaonyesha kitu kilekile, na kwa sababu juzi nilimwomba mwenzangu mmoja akanyage kwa kishindo kama askari wa gwaride, na hiyo ninayoiita shughuli ya ubongo ikaongezeka karibu maradufu.

Naomba kujua, kwanza, ninawezaje kutenganisha ubongo na mtikisiko kwa vifaa nilivyo navyo. Lakini kuna swali jingine linalonikera zaidi, ingawa huenda likaonekana la kitoto. Sote tumemwona kuku aliyekwisha kuchinjwa akikurupuka na kupiga mbio uani bila kichwa. Ikiwa miguu inaweza kwenda hivyo bila ubongo, ninatafuta nini hasa juu ya kichwa cha mtu anayetembea mahali tambarare bila kizuizi chochote?

Fundi Ishara amejibu:

Ndugu Mwanafunzi, shaka yako ni ya haki, na jaribio lako la kishindo limekwisha kukupa nusu ya jibu. Ubongo hauna sababu ya kuongeza umeme maradufu katika kila pembe ya kichwa eti kwa kuwa mtu amekanyaga kwa nguvu, lakini waya na elektrodi zina kila sababu ya kufanya hivyo.

Tuanze na ukubwa wa vitu vyenyewe. Ishara ya ubongo ikifika juu ya ngozi ya kichwa huwa ni mikrovolti 10 hadi 100 hivi. Tangu Hans Berger alipoirekodi kwa binadamu kwa mara ya kwanza mjini Jena, Ujerumani, mwaka 1924, na kuitangaza mwaka 1929, sharti la kwanza la kazi hii limekuwa mpimwaji atulie. Pale elektrodi, jeli na ngozi vinapokutana hujengeka volti ndogo ya kikemia, mfano wa betri, na ukiitikisa elektrodi hata kidogo volti hiyo hubadilika kwa kiasi kinachoweza kuimeza ishara ya ubongo mzima. Waya unaoning'inia ukipunga hewani huzaa umeme wake. Misuli ya shingo, ambayo hukaza katika kila hatua ili kichwa kisiyumbe, hutoa umeme unaoanzia kwenye hezi 20 hivi na kupanda hadi mamia, yaani juu ya masafa yaleyale ya beta na gama (mawimbi ya kasi ya ubongo, kuanzia hezi 13 hivi kwenda juu) unayoyatafuta. Ongeza kupepesa macho, na ongeza jasho, ambalo huvuta mstari mzima polepole kama maji yanayojaa pwani.

Kelele hizi zingekuwa nyepesi kuziondoa kama zingetokea ovyo, lakini zinafuata hatua kwa uaminifu kuliko ubongo wenyewe. Kwa kasi uliyoitaja, hatua mbili kamili, ya kulia na ya kushoto, huchukua sekunde moja na kidogo. Mtikisiko wake basi una msingi karibu na hezi 1 na hezi 2, lakini una pia vizidishe vya msingi huo vinavyopanda ngazi kwa ngazi, na vinaweza kupita hezi 15. Ukiweka kichujio kinachokata kila kitu chini ya hezi 3, utakuwa umemfukuza mama na kuwaacha watoto ndani ya nyumba, tena wakiwa wamekaa katika masafa ya alfa (hezi 8 hadi 13 hivi), ambako mtafiti asiyejihadhari atawapokea kama mawimbi ya ubongo.

Utafiti uliofungua njia ni wa mwaka 2010, wa Joseph Gwin, Klaus Gramann, Scott Makeig na Daniel Ferris, nchini Marekani. Waliwavalisha watu kofia yenye elektrodi 248, wakawatembeza kwa mita 0.8 na mita 1.25 kwa sekunde, kisha wakawakimbiza kwa mita 1.9 kwa sekunde, huku wapimwaji wakitazama picha kwenye skrini na kutakiwa kuitambua ile iliyojitokeza kwa nadra. Kwa kila elektrodi walitengeneza kiolezo cha mtikisiko kutokana na wastani wa hatua za jirani, wakakitoa kwenye rekodi, halafu wakatumia uchanganuzi wa vijenzi huru, yaani hesabu inayoigawanya rekodi katika vijenzi visivyotegemeana, ili kutenganisha vyanzo. Itikio la ubongo kwa ile picha adimu lilionekana wazi hata mtu akiwa mwendoni.

Watu wengi wanaousoma utafiti huo hupitwa na jambo moja. Picha zile hazikutokea sambamba na hatua. Ukichukua wastani wa mamia ya picha zilizoangukia nyakati tofauti za mwendo, mtikisiko hujifuta wenyewe, wakati mmoja ukiwa juu na wakati mwingine chini. Kipimo chako ni kinyume cha hicho, kwa sababu unachukua wastani kwa kufuata kisigino, na kwa kufanya hivyo unaukuza mtikisiko kila unapoongeza hatua. Kwa hiyo usijifariji kwamba kwa kuwa wao walifaulu, nawe umefaulu.

Kundi hilohilo liliendelea mwaka 2011 na kutafuta mabadiliko yanayofuata hatua, na kwa watu wanane liliripoti kwamba nguvu ya alfa na beta ilipanda na kushuka ndani ya kila hatua katika maeneo ya mwendo na hisia, na kwingineko pia. Wengine wakaenda mbali zaidi na kudai kwamba kutokana na mawimbi ya chini ya hezi 2 wanaweza kukisia pembe za nyonga na magoti. Hapo ndipo zogo lilipoanza. Mwaka 2014 watafiti wa Ubelgiji walilinganisha EEG na vihisi vya mchapuko vilivyowekwa kichwani, na wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya midundo hiyo ya chini kabisa, pamoja na ile ya juu, ingeweza kuelezwa na mtikisiko mtupu.

Lakini jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la mwaka 2015, nalo lilitoka katika maabara ya Ferris mwenyewe, jambo ambalo naliona ni la kiungwana, kwani si kila mtu huwa tayari kuichimba nyumba yake ili aone kama msingi upo. Kline na wenzake walimvalisha mpimwaji kofia ya silikoni ya kuogelea, ambayo haipitishi umeme. Juu yake wakaweka wigi lililoloweshwa kwa jeli inayopitisha umeme, liwe kama ngozi ya kichwa ya bandia. Juu ya wigi ndipo wakavalisha kofia ya elektrodi. Umeme wa ubongo haukuwa na njia ya kutoka, wala wa misuli, wala wa macho, na chochote kilichorekodiwa kilikuwa mtikisiko na si kingine. Wakawatembeza wapimwaji kwa kasi mbalimbali kuanzia mita 0.4 hadi 1.6 kwa sekunde, na mashine ikaandika michoro ya kuvutia inayofuata hatua, ambayo mtu asiyejua habari ya ile silikoni angeiita shughuli ya ubongo bila kusita. Tena mtikisiko haukuwa na sura moja: ulitofautiana kati ya mtu na mtu, kati ya kasi na kasi, na kati ya elektrodi moja na jirani yake. Walipojaribu njia zilizozoeleka za kuusafisha, haukuisha.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kabla hujaniuliza utaondoaje kelele, zirekodi kelele peke yake. Kofia ya kuogelea inauzwa madukani, na wigi halikosekani. Mrudishe yuleyule mwenzako, tredmili ileile, kasi ileile, waya zilezile, halafu utoe mchoro uleule. Ukiona mchoro wa silikoni unafanana na ule uliomfurahisha msimamizi wako, utakuwa na la kumwambia bila mabishano.

Mzee wa Neva amejibu:

Nami niliguse lile swali la kuku, ambalo wala si la kitoto. Limewashughulisha watu wazima kwa zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1911 Thomas Graham Brown, akifanya kazi katika maabara ya mtaalamu wa neva Charles Sherrington huko Liverpool, Uingereza, alionyesha kwamba uti wa mgongo wa paka uliotengwa na ubongo unaweza kuzalisha wenyewe mdundo wa kukunja na kunyoosha miguu, hata taarifa za hisia kutoka miguuni zikikatwa. Mwaka 1966 Shik, Severin na Orlovsky, mjini Moscow, walichochea kwa umeme eneo dogo la ubongo wa kati la paka aliyeondolewa ubongo wa juu na kushikiliwa juu ya mkanda unaozunguka. Umeme kidogo ulimfanya atembee, na kadiri ulivyozidishwa ndivyo alivyokwenda mbio. Kuku wa uani kwenu anatumia mtambo wa aina hiyo.

Hata hivyo usiharakishe kusema kwamba gamba la ubongo, yaani tabaka lake la juu, halina kazi. Paka aliyeharibiwa njia kuu inayoshuka kutoka eneo la mwendo la ubongo hutembea vizuri sakafuni, lakini mweke juu ya ngazi iliyolazwa, ambapo kila unyayo hauna budi kutua mahali pake, naye atashindwa. Kwa binadamu utegemezi huo ni mkubwa zaidi, na kila aliyemwona mgonjwa wa kiharusi akiburuta mguu anaujua bila kuambiwa. Tunatembea kwa miguu miwili, kichwa kikiwa juu ya mnara mwembamba, na uti wetu wa mgongo ukiachwa peke yake haututembezi kama unavyomtembeza paka.

Ushahidi unaoniridhisha kwa watu wazima wenye afya ulitoka Copenhagen mwaka 2012. Petersen na wenzake walirekodi kwa pamoja EEG kutoka utosini, juu ya eneo la miguu, na umeme wa msuli wa mbele ya muundi, ule unaoinua wayo ili vidole visikwae. Waliona kwamba ishara hizo mbili zinakwenda kwa mwafaka katika masafa ya hezi 24 hadi 40, na kwamba mwafaka huo hutokea mguu ukiwa hewani, kabla kisigino hakijagusa chini. Ubongo ulitangulia, msuli ukafuata. Ni vigumu kuulaumu mtikisiko kwa jambo linalotokea wakati kishindo bado hakijafika, na kwa mpangilio wa nyuma na mbele unaolingana na muda wa ishara kusafiri kutoka kichwani hadi mguuni.

Kwa hiyo, kijana wangu, kama una njia mbili za ziada kwenye mashine yako, zipeleke kwenye miundi. Ukweli utaupata kwa urahisi zaidi ukiwa na shahidi wa pili aliye mbali na kichwa.

Dada wa Viungo amejibu:

Naomba kuongeza kutoka upande wa hospitali, kwa kuwa mimi ni mtaalamu wa viungo na kazi yangu ya kila siku ni watu waliopata kiharusi na wazee wanaoanguka.

EEG si njia pekee. Kuna kipimo cha miale ya infraredi, kinachoitwa fNIRS kwa kifupi, ambacho hutuma mwanga kupitia ngozi na fuvu na kupima kiasi kinachorudi kwenye kihisi kilicho sentimita tatu hivi kando. Damu yenye oksijeni na isiyo na oksijeni hufyonza mwanga kwa namna tofauti, hivyo eneo la ubongo linapofanya kazi na kuvuta damu, mwanga husema. Miyai na wenzake nchini Japani walikitumia kwa watu wanaotembea kwenye tredmili mwaka 2001, na wakaona eneo la katikati la mwendo na hisia likiamka. Mwaka 2011, huko New York, Holtzer na wenzake waliwapima vijana na wazee wakitembea kimya, kisha wakitembea huku wakitaja alfabeti kwa kuruka herufi moja moja. Sehemu ya mbele ya ubongo ilidai oksijeni zaidi walipochanganya kutembea na kusema, na ongezeko hilo lilikuwa kubwa zaidi kwa vijana kuliko kwa wazee. Kwangu mimi hilo si habari za maabara pekee. Mzee anayesimama kila unapomsemesha njiani ananionyesha jambo hilohilo bila mashine.

Mwanga hautishwi sana na mtikisiko wa waya kama umeme unavyotishwa, lakini una kasoro yake: damu huchelewa. Itikio lake hufikia kilele baada ya sekunde tano hivi, na ndani ya sekunde tano mtu amekwisha kupiga hatua tisa au kumi. Ukitaka kujua ubongo unafanya nini kisigino kinapotua na unafanya nini kidole gumba kinaposukuma chini, mwanga haukufai. Ukitaka kulinganisha kutembea uwanjani na kutembea sokoni penye msongamano, unakufaa sana. Tena hauzami. Eneo la miguu limejificha katika mfereji kati ya nusu mbili za ubongo, na mwanga hulifikia kwa shida.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijaona yeyote akiligusa, nalo ni nywele. Vifaa hivi vyote, vya umeme na vya mwanga, vilibuniwa vikimlenga mtu mwenye nywele laini zinazopangulika kwa kidole. Nywele zetu za kipilipili huisukuma elektrodi juu, jeli haifiki kwenye ngozi, na elektrodi inayoelea hivyo ndiyo hasa inayotikisika kuliko zote. Kwa upande wa mwanga, nywele nyeusi na rangi ya ngozi hufyonza sehemu ya miale kabla haijafika popote. Nimewahi kushuhudia katika chuo kimoja wanawake wakiondolewa kwenye orodha ya wapimwaji mmoja baada ya mwingine kwa sababu ya misuko yao, na mwishowe utafiti uliodaiwa kuwa wa watu wazima wa jinsia zote ukawa wa wanaume walionyoa vipara.

Suluhisho lipo, na limetoka kwa watu wanaozijua nywele hizi. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, walionyesha kwamba nywele zikisukwa mistari iliyonyooka, ile ambayo sisi huiita twende kilioni, na mistari ikifuata mpango wa kimataifa wa kuweka elektrodi, ngozi hubaki wazi pale inapotakiwa, na kibanio kinachoshikwa na misuko yenyewe huikandamiza elektrodi isisogee. Mdogo wangu, kabla ya kununua programu yoyote, tafuta msusi. Mpe mchoro wa mahali pa elektrodi, na umlipe vizuri, kwa maana ni sehemu ya maabara yako.

Mwanafunzi wa Mawimbi amejibu:

Nawashukuru sana, Fundi, Mzee wangu na Dada. Nimechukua wiki mbili kufanya mliyoniambia, na naona ni wajibu kuleta majibu hapa, hata kama hayanipendezi.

Nilinunua kofia ya kuogelea na wigi fupi. Mwenzangu aliyejitolea amechekwa ukumbini hadi nikaona haya kwa niaba yake. Mchoro wa silikoni na mchoro wangu wa awali vinafanana kwa kiasi cha kunyima mtu hamu ya chakula: ongezeko lilelile kila kisigino kinapotua, kuanzia chini hadi juu ya hezi 60, tofauti ikiwa kwamba kwenye silikoni ni dogo kidogo katika elektrodi za shingoni, jambo ambalo nadhani ni kwa sababu misuli imezibwa. Nilimpelekea msimamizi michoro miwili bila majina na kumwomba achague ulio wa ubongo. Alichagua wa silikoni. Makala imesitishwa.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo silikoni haikulionyesha. Nilipolinganisha kutembea na kusimama, badala ya kulinganisha sehemu moja ya hatua na nyingine, elektrodi za utosini ziliniletea upungufu wa nguvu kati ya hezi 15 na 30 hivi, uliodumu wakati wote wa kutembea. Kwenye silikoni, kutembea kuliongeza nguvu kila mahali na hakukupunguza popote. Je, hapa ninaruhusiwa kutumaini?

Nilijaribu pia uchanganuzi wa vijenzi huru. Nilipata vijenzi 32, na nikivitazama kwa uaminifu, vitatu ndivyo vinavyofanana na ubongo.

Fundi Ishara amejibu:

Kumpa msimamizi michoro isiyo na majina ni ujasiri ambao mimi sikuwa nao nilipokuwa mwanafunzi.

Unaruhusiwa kutumaini, tena kwa sababu nzuri. Mtikisiko huongeza nguvu, na ni nadra sana kuipunguza. Mawimbi ya beta yanayofifia juu ya eneo la miguu ni jambo linalotarajiwa ubongo unapojishughulisha na mwendo, kama yanavyofifia juu ya eneo la mkono mtu anaposogeza vidole. Huko Graz, Austria, Wagner na wenzake waliliona mwaka 2012 kwa watu waliotembezwa na roboti: beta ilipungua zaidi walipojitahidi kutembea wenyewe kuliko walipoiachia mashine iwabebe miguu. Seeber na wenzake wa Graz waliendelea na kueleza kwamba kuna mambo mawili tofauti, upungufu wa beta unaodumu muda wote wa kutembea, na badiliko la gama ya chini, kati ya hezi 24 na 40, linalofuata awamu za hatua. Hilo la kwanza lipo ndani ya uwezo wa mashine yako. La pili liache kwanza, kwa kuwa linakaa nyumba moja na misuli ya shingo.

Kuhusu vijenzi vitatu, usione umepoteza. Uchanganuzi huo hauwezi kukupa vyanzo vingi kuliko elektrodi ulizo nazo, na katika mwendo kila msuli wa shingo, kila jicho na kila waya uliolegea hudai chake. Ndiyo maana kina Gwin walitumia elektrodi 248. Lakini elektrodi nyingi nazo zina gharama: makadirio yanayotumiwa na wengi ni kwamba idadi ya vipimo iwe angalau mara 20 hadi 30 ya mraba wa idadi ya elektrodi. Kwa elektrodi 32, ukipima mara 500 kwa sekunde, dakika moja hivi inatosha hata kwa mara 30. Kwa elektrodi 248, kwa mara 30 hizohizo, unahitaji zaidi ya saa nzima ya kutembea, na si kila mpimwaji ana miguu hiyo, achilia mbali wagonjwa wa Dada wa Viungo. Wewe una dakika kumi kwa elektrodi 32, kwa hiyo data unayo. Kata mawimbi yaliyo chini ya hezi 1 kabla ya uchanganuzi, fanya uchanganuzi kwa data ya kusimama na ya kutembea kwa pamoja ili kijenzi kiwe kilekile katika hali zote mbili, kisha tazama kama sura ya kila kijenzi juu ya kichwa inaweza kuelezwa na chanzo kimoja kidogo kilicho ndani ya fuvu. Kinachong'aa kwenye elektrodi moja tu, jirani zake wakiwa kimya, ni elektrodi iliyolegea.

Ukipata fedha siku za usoni, fikiria elektrodi za tabaka mbili. Nordin, Hairston na Ferris walizionyesha mwaka 2018: kila elektrodi ya ngozini inabebana na pacha wake aliyegeukia nje, anayegusa kitambaa kinachopitisha umeme badala ya kichwa, ili wote wawili watikisike pamoja huku mmoja tu akiusikia ubongo. Ni lile wazo la kofia ya silikoni, ila linafanyika wakati huohuo, kwa mtu huyohuyo, katika hatua hiyohiyo.

Mzee wa Neva amejibu:

Niongeze mawili. Usidanganyike na wanaosema kwamba ingetosha kumlaza mtu kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha ya ubongo kwa sumaku, na kumwambia awaze kutembea. Mwaka 2010, mjini Munich, la Fougère na wenzake waliwadunga watu sukari yenye mionzi, wakawatembeza kwa dakika kumi, ndipo wakawapiga picha ya PET, inayoonyesha mionzi ilikokusanyika, kwa kuwa sukari hiyo hubaki mahali ilipotumika na nusu ya mionzi yake huchukua karibu dakika 110 kuisha. Walipolinganisha na watu waliowaza kutembea, waliona kwamba kutembea kwenyewe kunatumia eneo la msingi la mwendo, na kuwaza kunapita zaidi katika eneo la nyongeza la mwendo na viini vya chini ya gamba. Kuwaza si kutembea. Lakini picha ya PET nayo hutoa jumla ya dakika zote kumi, kama mtu aliyekusomea bili ya mwezi bila kukuambia ni siku gani taa zilibaki zikiwaka.

La pili ni ndoto ya mzee, nawe waweza kuipuuza. Mwaka 1986 Maloiy wa Nairobi na wenzake waliandika kwamba wanawake wa Kiluo, waliobeba utosini, na wa Kikuyu, waliobeba mgongoni kwa mkanda wa kichwani, waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Nishati ilipimwa. Ubongo, ambao ndio unaoituliza ndoo isimwagike huku mwenyewe akizungumza na jirani, haukuguswa. Tatizo la wazi ni kwamba ndoo na kofia ya elektrodi vyote vinataka kukaa utosini.

Dada wa Viungo amejibu:

Mzee, mzigo waweza kufungwa mgongoni, kama mtoto kwa kanga, na utosi ukabaki huru. Mwanafunzi, ukifikia hatua hiyo, nina akina mama wawili kliniki ambao wamepona na wako tayari kutembea, ila wanauliza kama gharama za kusuka ni juu yako.

Mwanafunzi wa Mawimbi amejibu:

Gharama za kusuka ni juu yangu, Dada. Nimekwisha kumpata msusi karibu na chuo. Nilimpa mchoro wa nafasi za elektrodi, akautazama kidogo, akaniuliza kwa nini mstari wa katikati haukupita sawasawa kwenye utosi. Nilipima upya. Alikuwa sahihi, kofia yangu ilikaa sentimita moja na nusu mbele ya mahali pake kwa watu wote sita, kwa hiyo kesho ninaanza upya.